Nilivyowaachia mafundi wangu bora wakasome, Kigali 1992

Wakuu, amani kwenu. Hii ni habari yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nimezaliwa Nyakabanda, Kigali. Mwaka 1992 nilikuwa na kikampuni cha ujenzi nilichorithi kwa mzee wangu. Mafundi wachache tu, wote tumejifunza kwa kuangalia.

Tukaitwa mkutano wa waajiri wa ujenzi. Kulikuwa na mradi wa kusaidia mafunzo: wao wanalipa ada ya chuo na nusu ya mshahara, wewe unamwachia fundi akasome kiangazi chote.

Mwajiri mwenzangu akaninong'oneza, "Ukimsomesha, kampuni kubwa zinamchukua."

Tatizo kiangazi ndio msimu wetu. Na nilikuwa najenga nyumba Kagarama, ya mwalimu mjane tuliyemwita Madamu Spesioza. Kuta ziko kiunoni, za matofali ya udongo mbichi. Mvua zikizikuta bila bati, basi tena.

Lakini Habibu na Venansi, mafundi wangu bora, walitaka sana kwenda. Habibu aliniambia, "Patron, mimi najenga tu. Sijui kwa nini nyumba inasimama."

Nikaenda kumwona Madamu. Nilimkuta saiti, jioni, vumbi jekundu limetulia, vilima vya ng'ambo vimekuwa kama moshi. Alikuwa anatembea taratibu ndani ya nyumba ambayo bado haikuwepo.

"Hapa kitanda," akasema. "Hapa meza, watoto wa jirani watasomea."

Alipita mlangoni, ingawa hata ukuta angeweza kuuruka. Wakuu, nilijikuta nasogea pembeni nisiigonge meza yake.

Nikamweleza.

"Mimi ni mwalimu. Nitamkatalia vipi mtu kusoma? Waende. Mvua ikija, tutafunika."

Wakaenda. Kazi ikajikokota, na mvua ikatuwahi. Tulifunika kuta kwa majani ya migomba, lakini mmoja ukalala chini. Madamu akautazama, akasema dirisha lake lilikuwa dogo hata hivyo, tuweke kubwa.

Mafundi waliporudi, walituonyesha jinsi ya kuzungusha mkanda wa zege juu ya madirisha ushike kuta zote. Mchana waliwachorea wenzao kwenye udongo. Halafu kweli, Venansi akachukuliwa na kampuni kubwa. Iliniuma.

Nyumba ikaisha. Siku ya kuhamia, Madamu alitupa chai ya maziwa. Mwanga ulijaa sebuleni, nasi tukakaa kama watu walioingia kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Kisha ikaja 1994. Madamu aliuawa. Habibu aliuawa. Hapo sitaandika zaidi.

Vita vilipoisha nilikuwa Kicukiro, sina fundi hata mmoja. Aliyenitafuta ni Venansi. Alisema, "Patron, tuanze." Vijana wote tuliowachukua baadaye aliwafundisha yeye, maana vyuo vilikuwa vimefungwa.

Nilichojifunza: ukimsomesha fundi, elimu ile haibaki kwenye kampuni yako. Inabaki mjini, na siku moja mji unaihitaji.

Ninyi mnaoajiri mafundi, mnawaachia wakasome, au mnaogopa watawakimbia? Semeni, nasoma kila jibu.