Walinizika ili Bilali Awe Sultani

Jumamosi moja asubuhi mwanamke nisiyemjua alikuja nyumbani kwangu Dunda kunililia.

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Alikuwa amejitanda kanga, mkononi ana mfuko wa sukari na majani ya chai. Macho mekundu. Alipiga hodi kwa ile sauti ya chini ya watu wanaoingia penye msiba.

"Shikamoo mama. Poleni sana. Nimechelewa kusikia, mimi natoka Zinga."

"Marahaba mwanangu. Pole ya nini tena?"

"Ya Bibi Arafa. Nimeambiwa amezikwa jana Ijumaa."

Nilikuwa na kofia mkononi, nashona. Sindano ikanichoma kidole.

"Bibi Arafa yupi?"

"Arafa binti Yahya. Mjane wa Mzee Muharami."

Jamani. Hapa Dunda, Arafa binti Yahya mjane wa Muharami ni mmoja tu. Na alikuwa amesimama mlangoni, hajanywa hata chai.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo ni mimi."

Alipiga yowe! Mwenye bodaboda aliyemleta, mtu mzima na ndevu zake, akawasha pikipiki. "Dada, mimi kwenye mambo ya mizimu simo!" Akala kona, tukabaki na vumbi.

Nikamshika yule mwanamke mkono. "Gusa. Maiti hana joto. Ingia ndani uniambie nimekufaje."

Akaingia. Jina lake Saida, mwalimu wa shule ya msingi. Akatoa simu, akanionesha picha yangu, ile niliyopiga Idi, chini yake maneno ya Kiingereza. Akanifasiria.

"Mama yangu mkubwa mpenzi, aliyenipa historia hii, amerejea kwa Mola wake. Hataweza tena kujibu maswali. Naomba mheshimu ushuhuda wake."

"Nani kaandika?"

"Abdullatif."

Nikakaa chini.

Ngoja niwaeleze Abdullatif ni nani, mjue kisu kilikotoka.

Ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu. Mama yake alifariki akiwa na miaka saba, nikamchukua. Mimi ndiye niliyemfundisha kutawadha. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitali siku tisa za homa ya matumbo. Sasa ana miaka ishirini na nane, anatengeneza simu mjini, na ananiita mama mkubwa.

Huyu bwana ana ugonjwa mmoja. Gemu.

Si la mpira. Ni la madola ya zamani. Unapewa nchi, unapanga jeshi, unateka mikoa ya wenzio. Ramani yake ina rangi rangi kama shuka la viraka. Ukibonyeza kiraka, inatokea nani alitawala pale na ana askari wangapi.

Latifu, ndivyo tunavyomwita nyumbani, hakuwa anacheza tu. Alikuwa anasahihisha. Wenye gemu huko ng'ambo wameweka kundi la wasahihishaji, kila mtu analeta ushahidi. Alianza na mikoa ya Ujerumani ya kale. Bavaria mpaka wake si huu, Saksonia imemezwa na Prusia kabla ya wakati, basi anabishana na Wajerumani wenyewe, na wanamkubali!

"Mama mkubwa, mimi huko ni mtu mzito," alikuwa akinitambia.

"Mtu mzito, swala ya alasiri umeswali?"

Tunacheka.

Alipomaliza kwao akaja kwa Mjerumani wa huku kwetu. Akaona mkoa wa Bagamoyo umechorwa ovyo, upande wa Mkwajuni wamesukumia Dar es Salaam. Mkwajuni ni kijiji kidogo tu, kimekaa kwenye kijito. Akanijia mbio.

"Mama mkubwa, wewe si ulikuwa unamuuguza Bibi Chausiku? Hakukwambia mipaka ya Mjerumani?"

Aliniambia.

Bibi Chausiku alikuwa bibi mzaa baba wa mume wangu. Nilimuuguza miaka sita. Mumewe, Bilali, ujana wake alikuwa hamali wa Wajerumani. Walipopima mpaka, yeye ndiye aliyebeba mnyororo wa kupimia, mabegani, tangu pwani mpaka juu kwenye kijito cha Mkwajuni. Ndiyo maana mkewe aliujua ule mpaka hatua kwa hatua. Wa upande huu wa kijito waliitwa kazi na boma la Bagamoyo, wa ng'ambo na boma la Dar es Salaam. Na jumbe wa Mkwajuni, yaani mkuu wa kijiji, hakuwa Bilali, alikuwa mtu mwingine kabisa, Jumbe Dadi.

Siku zake za mwisho bibi alinishika mkono. "Arafa, hii ni amana. Akija mtu kuuliza, sema kama nilivyokwambia. Usizidishe, usipunguze."

Nikaitika.

Kwa hiyo Latifu alipoomba nisimulie, nilikaa nikasimulia. Binti yangu Mina ndiye aliyeshika simu kurekodi, maana simu yake ndiyo inashika sauti vizuri. Nilisema yote. Nikaongeza hivi, nayakumbuka maneno yangu:

"Wapo wa ukoo huu wanaopenda kujisifu eti Bilali alikuwa sultani wa Mkwajuni yote, na kijito kile ni mpaka wa usultani wake. Huo ni uongo. Bilali alibeba mnyororo."

Basi. Nikanyanyuka kwenda kupika.

Sasa Saida akaniambia, "Mama, sikiliza walichopewa kule."

Akabonyeza. Ikatoka sauti yangu. Mimi kabisa, na kikohozi changu.

"Bilali alikuwa sultani wa Mkwajuni yote, na kijito kile ni mpaka wa usultani wake."

Kichwa kimekatwa, mkia umekatwa, imebaki nyama waliyoitaka.

Kwenye ramani Mkwajuni ilikuwa imetengwa, kiraka chekundu peke yake. Ukibonyeza: Usultani wa Mkwajuni, mtawala Sultani Bilali, askari mia nne.

Askari mia nne! Mkwajuni hata kuku mia nne hawakupata kuwako.

"Mama," Saida akasema, na sasa alikuwa analia kweli, "Jumbe Dadi ni babu wa babu yangu. Kwetu tunamsomea hitma kila Shaabani. Niliandika mule kwamba ramani ina makosa. Wenye gemu wakamwambia Abdullatif wanataka kuongea na bibi mwenyewe, wamwone, wamuulize. Kesho yake ndiyo akasema umekufa. Nikasema basi, nije kuwapa pole tu. Nani atabishana na maiti?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Miaka yote hii hapa mtaani mtu akigombana na mwenziwe kwenye mirathi, kwenye ndoa, watasema, muiteni Arafa, alikuwepo, hasemi uongo. Sina nyumba ya ghorofa. Sina elimu, niliishia la saba. Nilichonacho ni hicho kimoja.

Na sasa sauti yangu inashuhudia uongo mbele ya watu wa dunia nzima, na mwenye sauti ametiwa kaburini asiweze kuikanusha.

Nikampigia Latifu. "Njoo. Sasa hivi."

Alikuja na chapati mbili kwenye gazeti, anatabasamu. Alipomwona Saida, tabasamu likafa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Maiti haamkiwi."

Akamtazama Saida. "Dada, wewe ndiye unayenichoma kule kila siku, sivyo?"

"Mimi ndiye," Saida akasema. "Na babu yangu unamjua?"

"Latifu," nikamkata, "mimi nimekufa kwa maradhi gani?"

"Mama mkubwa, kausha. Ni gemu tu lile. Walikuwa wananibana, wanataka kuongea na wewe mubashara. Nikapiga fiksi kidogo. Wazungu wale, watakujua wapi?"

"Huyu Mzungu?" Nikamnyooshea kidole Saida. "Kaja na sukari ya matanga."

Akainamisha kichwa.

"Na sauti yangu kwa nini umeikata?"

"Wallahi sikuikata."

"Usiape."

"Mama mkubwa, mimi nimepachika tu. Nilivyoletewa ndivyo hivyo. Nilijua si kweli, ndiyo, na hilo ni kosa langu. Lakini kukata sikukata mimi."

"Nani kakuletea?"

Akatazama pazia la chumbani.

Mina alikuwa amesimama pale, buli la kahawa mkononi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

Mwanangu wa pekee. Niliyemzaa baada ya mimba nne kuharibika.

"Mina?"

Akaweka buli chini, taratibu, kama linaweza kupasuka.

"Ulitaka nimwambie nini mama yake Yousuf?" akasema. "Nimwambie babu yetu alikuwa hamali?"

Yousuf ni mchumba wake. Watu wa duka la vitambaa mjini, asili yao Omani. Posa ilikuwa imepokelewa, ndoa siku nane mbele. Na nyie watu wa pwani mnajua. Kabla ya ndoa watu huulizana kufu. Ukoo gani, asili yenu wapi, babu yenu alikuwa nani.

"Waliuliza?" nikamuuliza.

"Shangazi zake waliuliza. Mbele ya watu, mama. Nikaona haya. Yousuf anacheza lile gemu. Nikajua akiliona kule ataamini, atawaonesha kwao. Kwa hiyo nikamwambia Latifu."

"Na kunizika? Mina, ulijua?"

"Nilijua. Nikamwambia Latifu ni kwa siku chache, ndoa ikipita atasema alikosea."

Atasema alikosea! Kama mtu aliyezidisha chumvi.

Sikupiga kelele. Ningekuwa mtu wa kupiga kelele pengine ingenisaidia. Nilikwenda kutawadha, nikaswali rakaa mbili, nikarudi. Nikamwambia Saida, "Washa simu yako. Nioneshe uso."

"Mama, usifanye," Mina akasema. "Siku nane tu. Nyamaza siku nane, baada ya hapo sema unachotaka. Nakuomba. Mimi ni mwanao!"

Yeye alikuwa anapigania maisha yake, na mimi nilikuwa napigania neno alilonikabidhi bibi kizee aliyekufa zamani. Msinione jiwe. Moyo ulikuwa unanivuta kwake.

Lakini Mwenyezi Mungu ametukataza kuficha ushahidi. Hakusema isipokuwa kwenye harusi.

"Bismillahi," nikasema. "Mimi Arafa binti Yahya, wa Dunda, Bagamoyo. Niko hai. Leo Jumamosi. Jumbe wa Mkwajuni alikuwa Dadi. Bilali, babu wa mume wangu, alikuwa hamali, alibeba mnyororo wa kupimia mpaka, na mpaka ulipita kwenye kijito. Sauti mliyopewa imekatwa."

Saida akaituma na maneno ya Kiingereza chini.

Jioni ile ile nikavaa baibui nikaenda kwa mama yake Yousuf, Bi Amal. Niliona ayasikie kwangu kabla hayajamfikia kwa watu. Alinipokea vizuri, akaniwekea halua. Sikuigusa. Nikamweleza yote, tangu kifo changu.

Akacheka kidogo, bila furaha.

"Bi Arafa, ule usultani Yousuf alinionesha tangu mwezi uliopita. Sisi wa mjini hapa tangu babu zetu. Bilali hamali nani asiyemjua? Baba yangu alikuwa akisema hamali yule alikuwa haibi hata msumari."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumeokoka.

"Sasa mbona mlinyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilimwita Mina, peke yetu, hapo ulipokaa. Nikamwambia, mwanangu, hili la sultani ni la kweli? Kama si kweli niambie tu, kwangu halina uzito. Nilimuuliza mara tatu."

"Akasemaje?"

"Mara ya tatu akaniapia kwa kaburi la baba yake."

Nilihisi kama kiti kimeondolewa.

"Bi Arafa, mimi nilikuja kuposa kwako kwa sababu yako," akasema. "Nilisema, binti wa mama yule atakuwa mkweli. Usultani sikuuhitaji. Nilikuwa bado nasitasita, nikasema labda ni utoto. Lakini umesema alijua mamake anazikwa akiwa hai, akakaa kimya. Huyo atanizika na mimi."

Posa ikavunjika, kwa heshima, kwa maneno mazuri, mlango wazi, kila mtu kasimama.

Nyumbani Mina alinisubiri kizingitini. "Amesemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno. Sikuzidisha, sikupunguza.

Leo ni wiki ya tano. Wenye gemu wameirudisha Mkwajuni mkoa wa Bagamoyo, na ukibonyeza, linatokea jina la Jumbe Dadi. Latifu wamemfungia kule, haruhusiwi kusahihisha hata Bavaria yake. Alikuja akanibusu mkono, akalia. Mina yumo humu ndani, anafua, anapika, ananiamkia. Zaidi ya hapo hatuna mazungumzo. Anaamini mimi ndiye niliyemvunjia ndoa.

Nyie wenye watoto mnaosoma hapa, nawaachia hili. Waambieni watoto wenu walikotoka wangali wadogo, tena kwa fahari, kabla hawajaulizwa mbele ya watu. Mimi habari ya Bilali niliifungia kama amana, nikampa wa kwanza aliyeuliza. Mina aliisikia siku ile ile anarekodi, amekwisha kuwa mtu mzima, na shangazi za watu wanamsubiri na swali lao. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

Lakini kunizika, hapana. Kila baada ya swala najaribu kulisamehe hilo. Ulimi unatamka. Moyo bado.