Mama fua aliyesema hakugeuka

Saa tatu asubuhi, jua limejaa uani kwa Bi Shamsia, Buruburu, lakini ngazini bado kuna kiza. Elsie Aloo anapiga deki kuanzia juu, akishuka kinyumenyume, ndoo ikiwa nyuma yake. Anakamua tambara, anafuta, anashuka. Macho yake hayaondoki kule juu alikotoka.

"Elsie!" mwenye nyumba anaita kutoka sebuleni. "Uko peke yako huko?"

"Niko peke yangu, Bi."

"Haya, mwanangu."

Swali hilo huulizwa kila Alhamisi. Bi Shamsia, mjane wa karani wa reli, amekaribia miaka themanini na magoti yake yalikataa ngazi zamani. Anaishi chini. Juu hakuna anayelala.

Elsie, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni mama fua, mwanamke wa kibarua cha kufua nguo nyumba kwa nyumba, anayeishi Kayole. Watu wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, wanaijua sura yake, ingawa wachache wanalijua jina lake. Ni sura ya mwanamke anayegeuka mwishoni mwa Mpangaji wa Juu, filamu ya kutisha iliyopigwa katika nyumba hii zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa pesa kidogo. Familia inahamia nyumba ya ghorofa, kisha inaanza kusikia mtu akitembea juu ambako hakuna aliyepangisha. Haina damu wala kelele nyingi. Lakini ilizunguka kwenye vibanda vya video kutoka Kayole hadi Mukuru kwa Njenga, na mpaka leo kuna watu wazima wasiokubali kukaa wakiwa wamezipa ngazi mgongo.

Wakati huo Elsie alikuwa mfanyakazi wa nyumbani wa Bi Shamsia. Watengenezaji wa filamu walipokodisha nyumba, aliachwa pale kuwapikia chai na kuangalia vyombo visivunjwe.

"Walifunika madirisha kwa blanketi mchana kweupe," anakumbuka. "Nje watoto wanacheza mpira, unawasikia. Ndani ukinyoosha mkono, huuoni."

Mwigizaji aliyepewa nafasi ya mpangaji alikuwa msichana wa mjini, mchangamfu. Siku ya tatu alipanda juu kujaribu kusimama mahali pake. Alishuka kimya, akavua gauni la kijivu, akalikunja vizuri juu ya kiti na kuondoka. Hakudai hata nauli. Mwelekezi wa filamu, Mureithi, alimfuata hadi barabarani, akarudi peke yake.

Ndipo akamtazama Elsie, aliyekuwa ameshika birika.

"Aliniambia, 'Mama, wewe ni wa urefu uleule. Vaa hili gauni, simama pale juu, utupe mgongo. Usigeuke. Sura yako hatuihitaji.' Nikasimama. Nikashika mbao ya kushikia ya ngazi kwa mkono wa kushoto, nikaangalia ukuta. Aliposema basi, nikashuka nikamalizia chai. Kazi yangu iliishia hapo."

Filamu ilipotoka, Elsie alienda kuitazama kwenye kibanda cha video karibu na kwake. Alikaa mbele na wanawake wa ploti yao, wapangaji wenzake. Mgongo wake ulipotokea, wenzake walimpigia makofi.

Kisha mwanamke wa kwenye filamu akageuka, taratibu, akatabasamu.

Kibanda kizima kilipiga kelele. Elsie hakupiga. Alikuwa anaangalia meno.

Anasimulia haya akiwa ameketi kwenye ngazi ya chini, na hapo anainua mdomo wa juu kwa kidole. Pana pengo. Jino la mbele lilimtoka akiwa msichana Siaya, alipopigwa teke na ndama. Mwanamke wa kwenye filamu ana sura ya Elsie, nyusi zake, hata kovu dogo la kidevuni. Lakini meno yake yametimia.

"Nilienda kwa Mureithi. Nikamwambia mimi sikugeuka. Akacheka, akaniambia, 'Uligeuka, mama, na ndiyo sehemu bora kuliko zote.' Nikamwonyesha pengo. Akasema mkanda ni duni na kiza kinadanganya."

Hakuna aliyemwamini, na ubishi wenyewe ulimponza. Waliomcheka walianza kumkwepa. Mwanzoni alikuwa akifua katika nyumba nne kwa wiki, mbali na kwa Bi Shamsia. Mwenye nyumba mmoja alimwambia mtoto wake halali tangu alipomwona akianika nguo. Mwingine alimlipia getini, akamwomba asirudi. Kanisani walimwita mbele wamwombee, na baada ya maombi hakuna aliyekaa naye kwenye benchi. Mwishowe alibaki na nyumba hii moja.

"Watu huniuliza kwa nini bado nakuja hapa," anasema. "Nyumba haijanifanyia kitu. Ni watu walionifanyia."

Vijana wa Kayole walimpa jina. Akipita Spine Road huwasikia nyuma yake: "Niaje, Mpangaji! Geuka basi!" Alijizoeza kutogeuka. Miaka sita iliyopita mtu alipiga kelele nyuma yake, "Mama! Mama, geuka!" naye akaendelea kutembea. Safari hiyo ilikuwa pikipiki iliyokatika breki, ikamgonga. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Bintiye, Celine, wakati huo akiwa kidato cha tatu, aliacha shule muhula mzima akawa anafua yeye.

"Nilimkasirikia mum," Celine anasema. Sasa ni fundi wa nguo, ana cherehani yake. "Nilimwambia, kubali tu uligeuka, watu wasahau. Akanijibu, 'Nikikubali, huyo mwingine ni nani?' Sikumuuliza tena."

Mambo yalibadilika mwaka huu. Ndambuki, aliyekuwa mpiga picha wa filamu hiyo, sasa husafisha mikanda ya zamani kwa kompyuta. Ofisi yake iko juu ya maduka, hapo hapo Buruburu. Yeye na Mureithi waliamua kuisafisha filamu waionyeshe upya kwenye ukumbi wa mtaa. Mwezi uliopita Ndambuki alimpigia Elsie simu.

"Mama Celine, nakuomba uje," alimwambia. "Njoo na mtu wako."

Yeye na Celine walifika saa nane mchana. Mureithi alikuwa tayari ameketi, mvi zimemjaa, kofia mkononi. Hakuwa ameonyeshwa chochote. Ndambuki hakuwapa hata maji. Alifunga pazia moja, akawasha skrini.

Picha iliyokuwa nyeusi kama masizi sasa ilikuwa safi. Ukuta ulionekana, mbao ya ngazi ilionekana, hata waya wa taa. Mwanamke alisimama juu, kilemba kichwani, amewapa mgongo, bega la kushoto likiwa chini kidogo kuliko la kulia, kama bega la Elsie lilivyo mpaka leo.

Kisha yule aliyejulikana Eastlands nzima akageuka na kutabasamu. Na mwanamke aliyewapa mgongo hakusogea.

Alikuwa bado pale. Mkono wa kushoto uko kwenye mbao, uso uko ukutani. Aliyegeuka alikuwa upande wake wa kulia, bega kwa bega, gauni lilelile, kilemba kilekile. Kwenye mkanda wa zamani, kiza kilikuwa kimewafanya wawili wawe mmoja.

"Rudisha," Mureithi alisema.

Ndambuki alirudisha. Alirudisha tena.

"Ni wewe, mum," Celine alinong'ona, akionyesha mgongo. Kidole chake kilipofika kwenye ile sura, alikiondoa.

Mureithi alikuwa amekunja kofia yake hadi imekosa umbo. "Tulipiga kwa gauni moja," alisema. "Nilikuwa na gauni moja tu."

Hapo ndipo Elsie alipokumbuka kitu ambacho hakuwahi kukitilia maanani. Alipokuwa amesimama kule juu, alihisi mtu amekuja karibu naye, akamgusa kiwikoni. Kitambaa kilimpapasa mkono.

"Nilidhani ni yule msichana wa nguo, anarekebisha gauni," aliwaambia.

"Msichana wa nguo alikuwa chini na mimi," Mureithi alijibu. "Alishika taa."

Chini barabarani makanga wa matatu alikuwa akiita abiria wa Jogoo Road. Celine anasema alitarajia mama yake atapiga kelele au atakimbia. Badala yake Elsie alianza kulia, lakini kilikuwa kilio cha mtu anayetua mzigo.

"Nilikuwa nasema kweli," alirudia. "Miaka yote hiyo. Nilikuwa nasema kweli."

Mureithi aliinuka, akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akaomba msamaha. Elsie alimshika mkono akamwinua.

Ndambuki tangu hapo hafanyi kazi peke yake ofisini. Mureithi alitaka kuikata sehemu hiyo, kisha akataka kufuta filamu nzima. Elsie ndiye aliyekataa. Wote waliokuwa wakimfukuza waione, alisema, kila mmoja kwa macho yake. Itaonyeshwa mwezi ujao, mchana, kwa ombi lake.

Bi Shamsia alisimuliwa yote na Elsie mwenyewe, sebuleni, wakinywa kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua mko wawili," alisema kwa utulivu. "Nyayo zako nazijua. Za yule ni nyepesi."

Amempa Elsie chumba cha uani aanzishe udobi pamoja na Celine, mmoja akifua, mwingine akishona na kupiga pasi. Kuna bomba, kuna kamba, na mlango wake unafungukia barabarani, si ndani ya nyumba. Elsie ameshapaka rangi kuta mbili. Anatumaini wateja watarudi wakishaiona filamu. Wasiporudi, anasema, ataanza na wapya.

Kuna jambo moja zaidi aliloomba. Katika orodha ya majina mwishoni mwa filamu, jina lake halikuwahi kuwamo. Mureithi alikuja mwenyewe juzi na kalamu, wakasimama pale uani kando ya ndoo za rangi.

"Niandike nini, mama?"

"Andika, aliyesimama ngazini, Elsie Aloo."

Mureithi aliandika. Akasita.

"Na aliyegeuka?"

Elsie alichovya brashi yake, akarudi kwenye ukuta wa tatu.

"Acha nafasi," alisema. "Huyo hajatuambia jina."