Majarida ya Bure Ndani ya Kabati

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto huko Embu. Tulikuwa tunalaza watoto wenye homa iliyokataa dawa. Nikasikia kuna makala ya utafiti kuhusu homa hiyo hiyo, nikaomba ruhusa, nikaenda hadi Meru, kwenye maktaba iliyoletewa majarida ya udaktari bure kutoka ng'ambo.

Majarida yalikuwepo kweli, yamefungiwa kwenye kabati la kioo kama vyombo vya wageni.

“Sista, hayo hatutoi,” mkutubi akaniambia. “Mikono ya watu itayachafua kabla wafadhili hawajaja kuyaona.”

“Kwani wafadhili ndio wagonjwa?”

Mungu anisamehe, nilitamani kuvunja kile kioo. Nilimbembeleza mpaka saa nane, ndipo akafungua, kwa sharti kwamba jarida alishike yeye, mimi nisome tu kwa macho.

Akafunua makala yenyewe. Utafiti ulikuwa umefanyiwa Embu, kwenye wodi yangu. Damu ya wale watoto niliitoa mimi, kwa mikono hii hii.