Lebo ya Kichwa Chini

Wewe unayetamani koti la jina kubwa, sikucheki. Ukilivaa, hata mgongo hunyooka wenyewe. Ila usiache likusemee.

Langu nililinunua sokoni Nachingwea, siku mbili kabla ya kwenda Ruangwa kumposa Zuhura. Kwetu Wamwera, neno la mwisho ni la mjomba wa binti, na huyu hatukuwa tumeonana. Nilitaka ajue mpwa wake hapati mtu wa hivi hivi. Kwenye mkono wa koti kulikuwa na lebo ya Italia, imeshonwa kichwa chini.

“Mwalimu, huko ndiyo fasheni,” muuzaji alinihakikishia. Nikaiacha.

Siku ya posa, mshenga wangu alipokuwa akizungumza, mimi nilikuwa nikinyoosha mkono ule kwa kila kitu: kikombe, sahani, hata nzi. Mjomba akawa anaitazama lebo tu. Nikajua imemwingia.

“Koti umelitoa wapi, baba?”

“Italia,” nikajibu, mimi ambaye sijawahi kuvuka Rufiji.

Akavaa miwani, akaushika mkono wangu, akaugeuza taratibu.

“Lebo hii nimeishona mimi, kwa cherehani yangu. Sikuwa na miwani, ikageuka.”

Watu wakaangua kicheko. Nikajua posa imekufa. Lakini mjomba alikuwa akifuta machozi.

“Afadhali! Nilikuwa nawaza, bwana mkubwa wa Ulaya tutamlisha nini hapa? Vua nikuwekee vizuri, mkwe.”

Mkwe! Nililivua haraka, vifungo viwili vikakatika.