Maneno ya Dada Filomena Niliyoyakatiza

Nyie vijana mtakaosoma haya, sina maneno matamu, na shule niliishia darasa la tatu. Nataka kuwaambia kosa langu. Nililifanya nikiwa msichana, nikalirudia nikiwa na mvi.

Ilikuwa mwaka wa njaa, huku kwetu milimani, Matombo. Mama alichimba ndiga, vile viazi vya porini vyenye sumu, akavimenya, akavikata, akavitia kwenye tenga na kulizamisha mtoni ili maji yaondoe ile sumu. Mimi na dada yangu Filomena tuliambiwa tukae pale tujifunze. Mara nikaona wasichana wa shule ya misheni wanateremka. Niliona aibu, mwanangu. Nikalifunika tenga kwa majani, nikaenda zangu kufua mbali. Filomena alibaki. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Sawa. Mwenzio atajua, wewe utakuwa wa kupewa."

Na kweli nilipewa, maisha yangu yote. Kila mahindi yalipokauka, Filomena aliandaa ndiga akatuletea, tukala, watoto wakalala wameshiba. Sikumuuliza hata siku moja anafanyaje.

Sasa mwaka jana mjukuu wangu Skola, anayesoma mjini Morogoro na kupanga chumba Mwembesongo, alikuja na simu akitaka kurekodi ujuzi wa wazee usipotee. Akamkalisha Filomena barazani. Mimi natoka shamba na mkungu wa ndizi kichwani, hata shikamoo ya mtoto sijaitikia, nasikia wanazungumza habari za ndiga. Nikafoka. Nikamuuliza Skola kama anataka kwenda kututangaza mjini kwamba sisi ni watu wa kula mizizi.

Filomena akacheka. "Tumekula mizizi, mdogo wangu, ndiyo maana una nguvu ya kufoka."

"Zima hicho kitu," nikasema.

Skola akazima. Mtoto ana adabu, angefanyaje? Filomena akamwambia wataendelea akirudi likizo. Masika ikaharibu barabara, Skola akakawia, dada yangu akaugua kifua. Tulimzika mvua ikinyesha.

Baada ya arobaini Skola alitusikilizisha. Sauti ya Filomena ikatoka kwenye simu, taratibu, kana kwamba amekaa nasi: "Ukishakata, usizamishe kwenye maji yoyote tu. Unatafuta maji yale ya..." Hapo ikaingia sauti yangu, inafoka. Kikafuata kicheko chake, halafu mimi tena, halafu basi. Wanangu wote waliangalia chini.

"Bibi," Skola akaniuliza kwa upole, "maji gani?"

Sikujua. Siku ngapi, sikujua. Unatambuaje sumu imetoka, sikujua. Na mimi nilikaa kando ya mto ule ule.

Mwaka huu mahindi yamekauka tena kule bondeni. Mama mmoja jirani alipanda kuja kuniuliza, ana wajukuu wanne ndani. Huku hakuna tena anayejua kuziandaa. Nikamwambia asithubutu, ndiga isiyoandaliwa vizuri inaua mtu. Akarudi mikono mitupu. Chakula kipo ardhini, mwanangu, tunakikanyaga, hatuwezi kukila.

Basi sikieni. Simu mnazo, na najua mnazitumia kwa vichekesho mchana kutwa. Zitumieni pia kuchukua sauti za wazee wenu na mikono yao ikiwa kazini, kwa sababu mikono inaonyesha mambo ambayo mdomo unasahau kuyasema. Ombeni ruhusa kwanza; yapo mambo ya unyagoni ambayo si ya kila sikio. Mkisharekodi, wekeni mahali pawili au patatu, maana simu huibiwa na simu huanguka mtoni. Wala msiseme mtamalizia likizo. Na mzee akiwafokea kwa aibu zake, msikilizeni kwa heshima, kisha rudini kesho yake mwanzeni upya. Mimi ningerudiwa kesho yake, labda ningekuwa nimepoa.

Mungu awape masikio ya kusikia mapema, na awaachie wazee wenu pumzi ya kutosha kumaliza maneno yao.

Hapa kwangu nimeshatoa amri. Kule juu mlimani amebaki Mama Agata. Kuandaa ndiga hajui, lakini ndiye wa mwisho anayejua kufinyanga vyungu vya kwetu. Jumamosi hakuna kwenda shamba. Wote tunapanda kwake, Skola na simu yake mbele, na hakuna atakayefungua mdomo mpaka Mama Agata mwenyewe aseme amemaliza.