Benchi la Wavuta Sigara

Wanawake wa kwaya walitaka nipate hewa, wakanialika kwenye boti ya matembezi kutoka Kajaga. Kwetu mjane ambaye bado yumo kwenye matanga hatoki bila ndugu, kwa hiyo kaka yangu akalazimika kuja. Alikuja shingo upande.

Kabla ya kuondoka, kijana wa boti alitusomea masharti. "Sigara ndani, apana. Karibu na injini, apana. Mwenye kuvuta aende benchi la nyuma, na kipande asitupe ziwani." Kisha akamwona kaka yangu, akacheka. "We, mzee wako, yule shemeji, umemuacha wapi? Benchi lake linamungoja! Ama bibi yake amemukamata?"

Watu walicheka. Kaka alitazama maji.

"Bibi yake ni mimi," nilisema. "Mume wangu amekufa."

Kijana alivua kofia. "Pole, mama. Sikujua."

Nilimuuliza kaka yeye na mume wangu walikuwa wakija lini.

"Jumamosi."

"Jumamosi mlikuwa Kamenge, mnaombea wagonjwa."

"Dada, alinikataza kusema. Shemeji ni mutu mukubwa, ningefanya nini?"

Mume wangu aliapa mbele ya watoto kwamba ameacha sigara. Niliponusa moshi kwenye shati lake, alisema ni wa mbabula yangu, jiko la makaa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikilipikia, niliamini. Mapafu yalipoharibika, daktari aliuliza kama nyumbani kuna moshi. Mume wangu akawahi kujibu: "Mke wangu anapikia makaa ndani." Tangu siku hiyo nilipikia nje, hata mvua ikinyesha. Hakupona. Wiki yake ya mwisho nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba anisamehe. Aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Nimekusamehe." Kaka yangu alikuwa amekaa palepale, anasikia.

Tuliposhuka kwenye boti, kaka aliniomba ninyamaze, marehemu asiaibishwe. Sikumwahidi kitu.

Siku ya kumaliza matanga walinipa nafasi ya kusema. Nilisema mume wangu alikuwa mchapakazi, aliwapenda watoto wake, na moshi uliomuua haukutoka jikoni kwangu. Wakwe zangu waliinamisha vichwa. Kaka alitoka nje kabla sijamaliza. Nami nilikaa, nikanywa maji.