Nilipomkatiza Mpiga Besi

Mwenye baa ya Umbilo, hapa Durban, ambako Jumapili mchana ilikuwa inapigwa jazi, alituahidi: leteni watu wiki hii, halafu na bendi yenu nitaipa Jumapili yake. Viti vyake vilikuwa vimeanza kubaki vitupu, na baa mbili za jirani zilishaacha muziki wa jukwaani, zikaweka televisheni za mpira. Basi nikawakusanya Wakongo wenzangu, wa saluni na wa kanisani. Mpiga gitaa wetu alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

Mimi katika bendi nilikuwa atalaku. Kazi yangu kushika maikrofoni gitaa likichanganya, kuita, kuchochea, kutaja watu majina, asikae mtu. Kwetu muziki ukipoa, lawama ni ya atalaku.

Siku hiyo walipiga vijana watatu wa Kiingereza, umri wa wanangu. Katikati ya wimbo wa pili ngoma zikanyamaza, piano ikanyamaza, akabaki mpiga besi peke yake, ameinamisha kichwa, anagusa nyuzi polepole. Ukumbi kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nikaona muziki unakufa, na watu nimewaleta mimi. Nikapanda jukwaani, nikachomoa maikrofoni.

"Umbilo, muko wapi? Mikono juu!"

Hakuna mkono uliopanda. Kijana aliacha kupiga. Mwenye baa akanishika kiwiko kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ngumi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Walipopumzika nilimfuata yule kijana kumwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema hamna shida. Halafu akaniambia kwao London kumbi zinafungwa, na katika zilizobaki watu wanapiga soga mpaka mwisho. Katika safari yao nzima, leo ndiyo mara ya kwanza alisikia ukumbi umenyamaza kumsikiliza.

Tulirudi kwa miguu. Nikamwambia mpiga gitaa wetu, "Pardon, mdogo wangu. Jumapili yetu nimeiharibu."

"Eish, ile si kitu, grand frère, kaka yangu," alisema. Tulivuka barabara, tukatembea kidogo, ndipo akamalizia: "Lakini na miye nikipiga, siku moja, unyamaze kidogo. Watu wanisikie."